Je, tangi la samaki linaweza kuhamishwa na samaki wakiwa ndani?

Swali: Habari mtaalamu. Nina tangi la kioo la lita 180, urefu wake mita moja. Ndani wamo samaki wadogo wa neon na gapi, kambare wadogo sita wa jamii ya Corydoras, na pleko mmoja (kambare mnyonyaji anayejishika kwenye kioo) aliyefikia urefu wa kiganja changu. Chini kuna changarawe, na nimepanda mimea kiasi. Mwisho wa mwezi nahamia nyumba nyingine, mwendo wa kama saa tatu kwa gari. Nimepata pikapu na vijana wanne wenye nguvu. Nilifikiria kupunguza maji hadi yabaki theluthi, samaki niwaache humo humo wasisumbuliwe, tulibebe tangi kama lilivyo. Tukifika nitaosha kila kitu vizuri, changarawe na kichujio pia, kisha niweke maji mapya waanze upya kwenye usafi. Je, ni salama?

Jibu: Ndugu yangu, nashukuru umeuliza kabla ya kuhama. Wengi huniuliza wiki moja baadaye, samaki wakiwa wameanza kuelea. Jibu langu ni hapana kwa yote mawili: tangi lisibebwe likiwa na maji wala samaki, na ukifika usioshe kila kitu. Kati ya hayo mawili, hilo la kuosha ndilo linalonitia hofu zaidi. Kioo kikipasuka utasikia na kuona hapo hapo. Kichujio kikifa hakuna anayesikia. Samaki watafika wazima, wataogelea vizuri siku mbili tatu, kisha wataanza kufa mmoja mmoja, na wewe utailaumu safari.

Tuanze na kioo, maana hilo ni fupi. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo theluthi ya tangi lako ni kilo 60. Kioo chenyewe kwa ukubwa huo ni kilo 30 na zaidi, na changarawe ya kina cha sentimita tano ni karibu kilo 30 nyingine. Mzigo wako unafika kilo 120 hadi 130. Vijana wanne wataziinua, sina shaka. Shida ni kwamba maji hayatulii. Aliye mbele akishuka ngazi moja tu, maji yote humkimbilia, na uzito uliokuwa umesambaa huangukia kona moja. Tangi limetengenezwa likae juu ya meza iliyonyooka, likihimili maji yanayosukuma kuta kwenda nje. Kupindwa halikuandaliwa. Likipinda hata kidogo tu, silikoni ya kwenye maungio huvutwa, na kioo cha chini kilicholaliwa na changarawe hupata mkazo upande mmoja. Pengine litapasukia mikononi mwa watu, na kioo kinene kikivunjika hukata hadi kwenye mishipa. Pengine halitaonyesha dalili yoyote mpaka usiku wa tatu, likiwa limeshajazwa, ndipo maji yaanze kuchuruzika sakafuni.

Kuhusu samaki, nia yako ni njema, lakini kuwaacha humo hakuwapunguzii usumbufu. Maji yasiyofika kimo cha shubiri yatapiga kioo hiki hadi kile kwa saa tatu, mawe na magogo yatabingirika, na taka zote zilizojificha chini ya changarawe zitatibuliwa. Neon akibanwa na jiwe hana pa kukimbilia. Samaki huyo huyo ukimweka kwenye ndoo yenye giza, isiyo na kitu cha kumgonga, hutulia baada ya muda mfupi. Kukamatwa kwa wavu kunamshtua, ni kweli, ila mshtuko huo ni wa dakika moja na hupita.

Kanuni hii haibadiliki hata kama unasogeza tangi kutoka ukuta huu kwenda ule wa chumba hicho hicho. Vitangi vidogo vya lita 10 au 15 watu huvisogeza vikiwa na maji kidogo, na hata hivyo ni vizuri viwekewe ubao chini. Zaidi ya hapo, kioo kisafiri kitupu.

Kitu unachohamisha hasa

Samaki hutoa amonia muda wote, sehemu kubwa kupitia matamvua. Amonia ni sumu kwao. Kinachowaweka hai kwenye maji machache ya ndani ya kioo ni bakteria wanaoigeuza. Kundi la kwanza, jamii ya Nitrosomonas na wenzao, huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili, hasa Nitrospira, huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia mpaka utakapobadilisha maji. Bakteria hawa hawaelei kwa wingi majini. Wameshikamana na vitu: sponji ya kichujio, vigae vidogo vya kauri vilivyomo ndani yake, changarawe, magogo, majani ya mimea. Anayebeba maji yote ya zamani na kuacha kichujio kikauke amebeba bahasha, barua ameiacha mezani.

Tena huzaliana polepole. Bakteria wengi tunaowasikia, hali ikiwa nzuri, huweza kujigawa kila baada ya dakika 20 hadi saa moja. Hawa huhitaji nusu siku hadi siku nzima, au zaidi, kuongezeka mara mbili. Ndiyo maana tangi jipya huchukua kama wiki nne hadi sita kukomaa. Ukiosha sponji kwa maji ya bomba yenye klorini, ukaosha na changarawe siku hiyo hiyo, utakuwa umeanzisha tangi jipya kabisa, isipokuwa hili lina samaki wote waliokomaa ndani yake tangu siku ya kwanza. Huo ndio mpango wako wa "kuanza upya kwenye usafi", na naomba uufute. Maji yanayong'aa na maji salama ni vitu viwili tofauti. Amonia haina rangi.

Jambo jingine ambalo watu hulisahau ni kwamba bakteria hawa wanahitaji oksijeni. Kichujio cha nje, kile cha chombo kinachofungwa, kikizimwa na kubaki kimejaa maji, oksijeni iliyomo huisha ndani ya saa chache. Bakteria huanza kufa, taka zilizomo huoza, na maji ya ndani huanza kunuka. Mtu akifika aendako anachomeka waya kwa haraka, na pampu inawamwagia samaki uchafu huo wote kwa mkupuo. Kwa hiyo kichujio chako, cha aina yoyote ile, lazima kifunguliwe siku ya safari. Namna ya kukibeba nitaieleza baadaye kidogo.

Wiki za kabla ya kuhama

Mwisho wa mwezi hauko mbali, lakini muda unatosha. Anza leo kubadilisha maji, asilimia 20 hadi 25 kila wiki. Sababu yake ni hii: tangi ambalo halikubadilishiwa maji muda mrefu hujaa nitrati na pH yake, yaani kipimo cha uchachu wa maji, hushuka taratibu, samaki wakiizoea hali hiyo bila wewe kujua. Siku ya kuhama ukiongeza maji mengi mapya, badiliko hilo la ghafla huwaumiza kuliko barabara yenyewe. Ukiyasogeza maji yao taratibu kuelekea hali ya maji ya bomba, siku ya safari tofauti itakuwa ndogo. Ukiweza, pima pH na ugumu (wingi wa madini) wa maji ya nyumba mpya kabla hujahama. Bomba la huko linaweza kuwa na maji tofauti kabisa na unayotumia sasa.

Kichujio kisafishe kama wiki mbili kabla, kwa kukikamua polepole ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka kwenye tangi lenyewe. Siku ya kuhama usikiguse kwa nia ya kusafisha. Usinunue samaki wapya mwezi huu. Tafuta ndoo za lita 20 zenye mifuniko, ambazo hazijawahi kuguswa na sabuni wala dawa ya kusafishia. Mabaki kidogo tu ya sabuni yanatosha kuharibu matamvua. Tafuta pia pampu ya hewa inayotumia betri, na betri za akiba. Kifaa hicho ni cha bei ndogo, na siku gari likikwama njiani ndicho kitakachowaokoa.

Chakula kikomeshe saa 24 hadi 48 kabla ya kuondoka. Najua hili huwauma wafugaji wengi, lakini samaki mzima mwenye afya hukaa siku kadhaa bila kula na asidhurike. Aliyeshiba atachafua ndoo njiani, na amonia hiyo atabaki nayo mwenyewe. Vifaranga wachanga ndio pekee wasiofungishwa muda mrefu.

Na kule unakokwenda, chagua mahali pa tangi kabla hujafika na mizigo. Likijaa litakuwa na uzito wa karibu kilo 250 bila kuhesabu meza. Liwekwe karibu na ukuta, penye sakafu imara iliyonyooka, mbali na jua la dirishani, na karibu na soketi.

Siku yenyewe

Tangi liwe la mwisho kufungwa nyumba ya zamani na la kwanza kupangwa nyumba mpya. Makochi yatasubiri.

Anza kwa kuzima hita, na uiache ndani ya maji kwa dakika 20 au 30 ipoe. Hita ya kioo ikibaki hewani ikiwa bado moto hupasuka, na ikirudishwa kwenye maji ya baridi ikiwa moto hupasuka vile vile. Ikishapoa ndipo uanze kunyonya maji kwa mpira, ukichukua ya juu yaliyo masafi kabla chochote hakijatibuliwa. Haya ya kwanza ndiyo ya ndoo za samaki. Jaza kila ndoo nusu tu. Yanayofuata yaweke kwenye madumu ya kurudishia. Beba mengi kadiri gari linavyoruhusu. Nusu ya maji ya zamani ni kiwango kizuri. Kazi yake si kubeba bakteria, tumeshaliona hilo, bali ni kuwapa samaki maji ya pH na ugumu walioshauzoea.

Kisha toa mawe, magogo na mapambo, na uchunguze kila tundu. Kambare wadogo hupenda kujibana kwenye mianya ya magogo, na wapo waliokutwa wamekauka ndani ya pambo lililofungwa kwenye boksi. Mimea ing'oe taratibu, izungushie karatasi yenye unyevu na uitie kwenye mfuko wa plastiki, itafika salama. Usijaribu kumkimbiza samaki kabla vitu hivi havijatoka. Utawachosha bure, nawe utachoka. Maji yakishafikia kimo cha sentimita 10 hadi 15, tumia nyavu mbili, mmoja ukiwa umetulia pembeni na mwingine ukimsukuma samaki polepole kuelekea huko. Kila anayeingia ndooni mhesabu.

Pleko wako ndiye anayehitaji mkono wa subira. Samaki huyu akitishwa hutanua mapezi ya ubavuni, na mwiba wa mbele wa kila pezi hujifunga kwa nguvu ukasimama wima. Mwiba huo umejaa meno madogo yaliyoelekea nyuma, nayo hunasa kwenye nyuzi za wavu. Ukivuta, unamrarua. Ukimwona amenasa, mrudishe na wavu wake majini ndani ya ndoo na usubiri. Mara nyingi akitulia hulegeza mwiba na kujitoa. Asipojitoa, kata nyuzi za wavu kwa mkasi mdogo. Wavu utapatikana mwingine. Afadhali zaidi usitumie wavu kabisa: chukua bakuli la plastiki, lizamishe kando yake, mwongoze aingie, kisha uliinue likiwa na maji. Kama amejibana kwenye gogo na hataki kutoka, beba gogo na yeye, vyote viwili ndani ya ndoo, ila hakikisha gogo haliwezi kuviringika. Corydoras nao wana miiba ya namna hiyo, kwa hiyo wote hawa wasafiri kwenye ndoo, wasitiwe kwenye mifuko. Miiba itaitoboa.

Gawanya hivi: pleko peke yake, kwa kuwa anatoa uchafu mwingi. Corydoras peke yao, kwa kuwa wakishtuka sana wanaweza kutoa sumu inayowadhuru wao wenyewe na walio nao kwenye maji machache. Ukiona maji ya ndoo yao yanatoa povu au wanapumua kwa kasi isiyo ya kawaida, wahamishie mara moja kwenye maji mengine ya tangi. Neon na gapi wanaweza kuchangia ndoo moja, au mifuko ikiwa unayo mizuri. Kwenye mfuko, theluthi iwe maji na theluthi mbili hewa, uuvishe mfuko wa pili juu, na kona za chini zifungwe kwa mpira ili samaki mdogo asibanwe humo. Kuongeza maji na kupunguza hewa ni kosa la kawaida. Samaki anahitaji ile hewa iliyo juu kuliko maji ya ziada. Ndoo nazo zibaki na nafasi ya hewa chini ya mfuniko. Corydoras hupanda kumeza hewa juu ya maji, na anayefuga samaki wa beta au gurami ajue kwamba hao hawaishi bila kuifikia hewa hiyo.

Samaki wakishatoka wote, geukia kichujio. Kifungue, mwaga maji yaliyomo, na uhamishie sponji na kauri kwenye beseni au ndoo pana yenye maji kidogo ya tangi, kiasi cha kuvilowesha tu, visizame. Funika bila kukaza. Sponji yenye unyevu iliyo na hewa pande zote huhifadhi bakteria vizuri kuliko iliyozamishwa kwenye maji yaliyosimama. Isipigwe na jua na isikauke. Kwa namna hii siku nzima hupita bila hasara kubwa.

Changarawe itoe yote baada ya hapo, isuuze mara moja au mbili kwa maji ya mwisho ya tangi, yale machafu ambayo hutayabeba, na uibebe ikiwa na unyevu kwenye ndoo. Usijaze ndoo moja, vishikio hukatika. Kama una sehemu yenye mchanga wa kina ambao haujaguswa miaka mingi, utakuta tabaka jeusi linalonuka kama mayai viza. Hiyo ni gesi ya salfaidi ya hidrojeni, na ndiyo sababu samaki lazima wawe wametoka kabla hujachimba. Mchanga wa namna hiyo uoshe kwa nguvu, hata kwa maji ya bomba, mpaka harufu iishe. Hapo unapoteza bakteria wa mchanga, lakini wa kichujio wapo na watabeba kazi. Kisichoruhusiwa ni kupoteza wa pande zote mbili siku moja.

Sasa kioo kiko kitupu. Watu wawili wakibebe kwa kushika chini, si kwa kuning'iniza kwenye kingo za juu wala vipande vya kuimarishia. Kwenye pikapu, tandika ubao ulionyooka na blanketi au povu la godoro juu yake, tangi likae kwa kitako chake, lifungwe lisiteleze, na ndani kusiwekwe hata taulo la kufungia vyombo. Fagia kwanza: punje moja ya kokoto chini ya kioo, gari likirukaruka, inatosha kukianzishia ufa.

Njiani

Samaki wapande mbele, ndani ya gari, si nyuma kwenye bodi la pikapu linalopigwa jua na upepo. Ndoo zifunikwe blanketi. Blanketi hilo linazuia joto kupanda na kushuka, na giza linawatuliza. Samaki wako wanaishi vizuri kwenye nyuzi 24 hadi 26 za Selsiasi. Zikishuka au kupanda nyuzi mbili polepole kwa saa tatu watavumilia. Kiyoyozi kisipulize moja kwa moja kwenye ndoo. Washa pampu ya betri, tafuta mahali ndoo haziwezi kuanguka, na dereva asikate kona kwa kasi. Mifuko usiifungue njiani kabisa, na sababu yake inafuata. Ndoo unaweza kuzichungulia mkisimama. Ukiwakuta samaki wamejipanga juu wakihema midomo ikiwa nje, oksijeni imepungua: chota maji kwa kikombe na uyamimine tena kutoka juu mara kadhaa, kisha angalia pampu.

Mkishafika

Weka meza, hakikisha imenyooka pande zote. Tangi ambalo kioo chake cha chini kinakaa moja kwa moja juu ya meza liwekewe mkeka mwembamba wa povu. Lile lenye fremu ya plastiki iliyoinua kioo halihitaji, na povu linaweza hata kulidhuru kwa kusukuma kioo katikati. Kama kioo kilipata joto njiani, kiache kipoe kabla ya kutia maji ya baridi. Mimina maji ya zamani sentimita chache, subiri nusu saa, kisha pitisha karatasi kavu kwenye kila ungio kwa nje. Ikitoka kavu, endelea. Usawa wa maji hayo machache utakuonyesha pia kama meza imeinama.

Rudisha changarawe, magogo na mimea. Weka sahani juu ya changarawe na umimine maji juu ya sahani ili usichimbe shimo. Maji ya zamani yatangulie, mapya yafuate yakiwa yameshatiwa dawa ya kuondoa klorini na yakiwa na joto linalokaribiana. Kuna wanaotegemea kuyaacha maji wazi usiku kucha. Kwa klorini ya kawaida hilo husaidia. Maji mengine ya bomba hutiwa kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, nayo haitoki kwa kukaa, kwa hiyo dawa ni salama zaidi. Rudisha sponji na kauri kwenye kichujio vikiwa kama vilivyo na ukiwashe hata kabla samaki hawajaingia. Hita iache majini dakika 20 ndipo uichomeke.

Sasa kuhusu kuwaingiza samaki. Pengine umesikia kwamba ni lazima uwaongezee maji ya tangi tone kwa tone kwa saa nzima. Kwa samaki aliyetoka kwenye maji tofauti, hiyo ni njia nzuri. Kwa aliyesafiri kwenye mfuko uliofungwa inaweza kumuua. Ndani ya mfuko samaki anapumua, kaboni dioksidi inajaa majini, na pH inashuka. Wakati huo huo amonia inaongezeka. Kwenye pH ya chini, karibu amonia yote iko katika umbo lisilo na sumu kali: kwa maji ya nyuzi 25 yenye pH 7, haifiki hata asilimia 1 iliyo katika umbo la sumu, lakini pH ikiwa 8 inafika kama asilimia 5. Ukifungua mfuko, kaboni dioksidi inatoka, pH inapanda, na amonia ile ile iliyokuwa imelala inakuwa sumu samaki akiwa bado ndani yake. Saa tatu si safari ya kutisha, na samaki waliofunga kula hawatakuwa wametoa amonia nyingi, ila hakuna haja ya kujaribu. Maji ya tangi lako nusu yake ni yale yale waliyotoka nayo. Unachotakiwa kusawazisha ni joto tu: acha mfuko uliofungwa uelee juu ya maji dakika 15 hadi 20, ufungue, mtoe samaki kwa wavu au bakuli umtie tangini, na maji ya mfuko uyamwage nje. Wa kwenye ndoo fanya vivyo hivyo baada ya joto kulingana.

Taa zizimwe siku hiyo yote. Chakula hakuna mpaka kesho, na hata kesho kiwe nusu ya kawaida, uendelee na nusu hiyo kwa wiki nzima. Usishangae neon wakipauka rangi na pleko akajificha siku mbili.

Wiki mbili zinazofuata

Hapa ndipo kuhama kwa tangi kunapofaulu au kushindwa, na hapa ndipo watu wengi huwa wameshageukia kupanga kabati. Pima amonia na nitriti kila siku kwa wiki ya kwanza, kisha mara moja kila siku mbili kwa wiki ya pili. Vyote viwili vinatakiwa visome sifuri. Amonia ikifika miligramu 0.25 kwa lita au zaidi, badilisha asilimia 25 hadi 30 ya maji siku hiyo hiyo na upunguze chakula tena. Nitriti ikijitokeza, samaki watahema kana kwamba hawana hewa ingawa pampu inafanya kazi, kwa kuwa nitriti huingia kwenye damu na kuizuia isibebe oksijeni. Mbali na kubadilisha maji, chumvi kidogo isiyochanganywa na kitu husaidia, gramu 1 kwa kila lita 10: kloridi iliyomo huishindania nitriti njia ya kuingilia kwenye matamvua. Kiwango hicho ni kidogo, Corydoras wako na mimea watakivumilia, usikizidishe.

Chunguza ngozi zao pia. Samaki aliyepata baridi na hofu hupungukiwa kinga, na vidoa vyeupe kama punje za chumvi huweza kutokea siku chache hadi wiki mbili baadaye. Vikionekana kwa mmoja, tibu tangi zima.

Hujaniuliza kuhusu tangi kukataa, yaani ufike ulikute linavuja, au umeme wa nyumba mpya usiwepo, lakini jiandae kwa hilo pia. Beba beseni kubwa la plastiki la kuhifadhia vitu, la lita 80 au zaidi, ambalo halijaguswa na sabuni. Unaweza kulijaza nguo wakati wa safari. Likiwa na maji ya zamani, kichujio chako, hita na wavu wa kufunika juu wasiruke, samaki wako wote watakaa humo wiki nzima bila shida huku ukitafuta fundi wa silikoni. Umeme ukikosekana, pampu ya betri iwe kwenye beseni, na sponji ya kichujio ielee humo humo karibu na mapovu, ili bakteria waendelee kupata hewa hadi umeme urudi.